Wageni Wasioaga

Subilaga alipiga hodi mara moja tu, mlango ukafunguka.

Alibaki amesimama kwenye manyunyu, kitambulisho chake cha ufundi kikiwa nusu nje ya mfuko wa koti. Katika miaka yake yote ya kutengeneza mabawabu wa nyumba hakuwahi kukutana na aliyemfungulia namna ile. Kawaida bawabu hukagua kitambulisho, huuliza shida, kisha humwacha mtu alowe huku akithibitisha. Mabawabu wa Tukuyu walijulikana kwa roho mbaya, na ndivyo walivyotakiwa kuwa. Huyu, kisanduku cha rangi ya maziwa kilichopigiliwa juu ya kizingiti, alisema kwa sauti ya upole, "Karibu. Pita ndani, kuna baridi."

"Hujaniuliza mimi ni nani," Subilaga alisema.

"Utasema ukishakaa."

Fundi mwingine angeingia na kushukuru Mungu. Subilaga aliganda palepale akikitazama kile kisanduku, maana alikuwa na ugonjwa wa kutaka kujua. Mama yake aliwahi kumwambia kwamba ugonjwa ule ungemkosesha mume, na kweli ulikuwa umeshamkosesha wawili.

Sebuleni alimkuta mwenye nyumba, Mama Sekela, amejikunja kwenye kiti cha mkono na kujifunika vitenge viwili. Alikuwa mpishi wa shughuli aliyestaafu. Hapakuwa na harusi wala msiba wa maana Tukuyu ambao hakuupikia. Chini ya mtulinga wake wa kushoto, kupitia kitambaa cha blauzi, taa ndogo ilikuwa ikiwaka rangi ya njano. Subilaga aliijua taa ile. Pampu ya moyo ikiwa na afya huwaka kijani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa kwanza. Gwamaka, mpe mgeni chai."

"Mama, huyu si mgeni, ni fundi," alijibu mwanamume wa makamo aliyesimama dirishani. Alikuwa mwanawe wa pekee wa kiume, na koti lake jembamba la mjini lilisema wazi kwamba hakuzoea baridi ya huku.

"Kwani fundi hanywi chai?"

Gwamaka alimimina chai, na akiwa bado ameshika birika akaeleza. Pampu ya mama hutuma habari za moyo kliniki ya Mbeya mara kadhaa kwa siku, nayo kliniki hurudisha mdundo unaofaa kwa saa zinazofuata. Bila jibu la kliniki, pampu huendelea kupiga mdundo wa zamani, kama mpiga ngoma asiyeona kwamba wachezaji wamechoka. Wiki iliyopita ujumbe ulianza kukwama, na tayari mama alikuwa ameanguka jikoni mara mbili.

"Nikimzima bawabu nikamwasha, mambo yanakaa sawa," alisema. "Nusu siku baadaye yanagoma tena. Halafu kumwasha kwenyewe ni kazi, anachukua muda mrefu kuamka. Fundi, mimi kesho narudi Dodoma kazini. Leo ikishindikana, naondoka naye."

"Unaondoka na nani?" Mama Sekela aliuliza. "Mimi ni begi?"

"Mama, ghorofani kwangu bawabu ni wa uhakika."

"Nimepanda ghorofa lako. Nilikaa mwezi mzima sikusikia jirani akikohoa. Nikifia pale, atakayejua ni bawabu wako wa uhakika."

 Gwamaka aliweka birika chini taratibu, akarudi dirishani.

*

Subilaga aliweka kishikwambi chake magotini, akaanza kazi kama anavyoianza siku zote, kutoka ndani kwenda nje. Alituma salamu kutoka kwenye pampu hadi kwa bawabu. Ikajibiwa papo hapo. Alituma nyingine kutoka kwenye pampu hadi kliniki. Kimya. Akatuma tena, kimya. Hivyo ujumbe ulikuwa ukifika mlangoni na kufia hapo, na bawabu alijua ulikofia.

Alishuku ukuta kwanza, yaani zile amri za bawabu zinazosema nani apite na nani azuiwe. Pengine amri moja ilikosewa, ikaanza kuizuia pampu ikidhani ni mwizi. Alizifungua akitarajia msururu mrefu wa makatazo. Kwenye nyumba ya hakimu mmoja wa mjini aliwahi kukuta makatazo ambayo yangemaliza asubuhi nzima kusomwa. Hapa hapakuwa na katazo hata moja. Palikuwa na amri moja: apigaye hodi aitikiwe.

Aliisoma mara mbili, akajikuta anatabasamu.

Akahamia kwenye milango. Tangu Sheria ya Anwani ipite, kila kiwanja chenye hati kilipewa anwani moja ya mtandao, na kisicho na hati hakikupewa kitu. Wote walioishi kwenye kiwanja, watu na vyombo, walitoka nje kwa jina la nyumba. Pampu inapotaka kusema na kliniki, bawabu hufuta jina la pampu, huandika jina la nyumba, kisha huupitisha ujumbe kwenye mlango mmoja kati ya maelfu aliyonayo na kukumbuka kwamba mlango ule ni wa pampu. Jibu likija kupitia mlango uleule, anajua ampe nani. Mazungumzo yakiisha, mlango unaachwa wazi kwa mwingine. Bibi mmoja mwenye pampu, jokofu na redio hawezi kutumia zaidi ya milango michache.

Milango yote ilikuwa imeshikwa. Subilaga alishuka nayo, akapanda nayo, asipate hata mmoja ulio wazi. Pampu ilikuwa nyuma kabisa ya foleni, ikisubiri kwa adabu.

"Bawabu," aliita. "Milango hii ameishika nani?"

"Wageni," kisanduku kilijibu kutoka kizingitini.

"Wangapi?"

"Watu hawahesabiwi."

Gwamaka aligeuka kutoka dirishani. Subilaga alimwonyesha kwa kidole anyamaze.

"Ni kina nani hao?"

"Mgeni haulizwi jina kabla hajanywa maji."

"Na wewe umewapa maji?"

"Sina maji. Ndiyo maana sijawauliza."

"Sawa. Wanafanya nini ndani?"

"Wengine wanazungumza. Wengi wamenyamaza muda mrefu."

"Aliyenyamaza muda mrefu ameshaondoka. Mbona hujauachia mlango wake?"

Bawabu alichelewa kidogo kujibu, kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto na hataki kumuumbua muulizaji. "Hajaaga," alisema.

Subilaga alicheka kwa sauti, kisha akaona aibu, kwa kuwa ile taa ya njano ilikuwa imeanza kupepesa. Lakini hakuweza kujizuia. Alikuwa amefungua mabawabu wakali, waoga, wambeya, na mmoja aliyefundishwa na mlevi. Mwenye adabu hakuwahi kumwona.

"Nilimlea mwenyewe," Mama Sekela alisema, na sauti yake haikuwa na majuto yoyote. "Aliyeniuzia aliniambia kaa naye mwezi, zungumza naye kama mtoto wa humu ndani, ajue desturi za nyumba. Nikamwambia. Mtu akipiga hodi, mwitikie. Usimhoji mlangoni. Na mgeni hafukuzwi, huaga mwenyewe."

"Alimaanisha umwambie nani anaishi humu na nani haishi!" Gwamaka alishika kichwa. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hilo hukumfundisha?"

Mama Sekela alifikiri. "Hilo lilinipita," alikiri.

"Fundi, wafukuze. Wote, sasa hivi."

Subilaga hakuigusa skrini. Kufukuza kulihitaji sauti ya mwenye nyumba na muda wa kufumba na kufumbua. Tatizo lilikuwa kiapo chake. Watu wanaojificha nyuma ya anwani ya nyumba isiyo yao, Mamlaka ya Anwani iliwaita wapangaji wa kivuli, na fundi akiwakuta hutakiwa kuripoti kabla hajamaliza kazi. Ripoti ikifika, nyumba huondolewa anwani mpaka uchunguzi uishe. Uchunguzi wa haraka kuliko wote aliowahi kuusikia ulichukua msimu mzima wa mvua.

Aliwaeleza yote bila kupamba.

"Msimu mzima," Gwamaka alisema. "Na pampu itasema na nani?"

"Haitasema na mtu."

"Basi funga, usiandike. Nani atajua?"

"Mimi nitajua. Na kaka, kufunga si kwamba hakuna anayeumia. Sijui nyuma ya milango hii kuna nini. Huenda kuna mwizi. Huenda kuna pampu nyingine."

Alinyanyuka na kuzungusha kishikwambi taratibu, akitafuta mawimbi yalikotoka. Yalikuwa na nguvu upande wa mashariki, ng'ambo ya bonde, lilipokuwa ghala la zamani la chai. Mama Sekela alikoroga chai yake ambayo haikuwa na sukari ya kukoroga.

"Asubuhi huwa naona moshi pale," alisema. "Sijawahi kuuliza wa nini."

"Nipeni muda kidogo," alisema Subilaga, akichukua koti. "Siwezi kumfungia mtu mlango sijamwona hata uso."

*

Ghala lilikuwa refu na lenye kelele za mvua juu ya bati. Ndani, pale zamani palipokuwa mapipa ya kukaushia majani, palikuwa na vyumba vya mapazia: vitenge, maturubai, mikeka iliyosimamishwa. Subilaga hakuhitaji kuuliza watu hawa walitoka wapi. Ziwa lilipopanda na kuimeza tambarare ya Kyela, wenye ndugu walikwenda kwa ndugu, na wasio na ndugu walipanda mlima wakaingia kwenye paa lolote walilolikuta. Mashamba yao yalikuwa chini ya maji pamoja na hati zake. Asiye na kiwanja hana anwani.

Alipokewa na mwanamke mrefu aliyekunja mikono ya sweta hadi kwenye viwiko. Alijitambulisha kwa jina la Lwitiko, akakitazama kishikwambi, akajua. Hakukimbia wala hakuanza kulia. Alimwongoza hadi katikati ya ghala, mahali kifaa kikuukuu kiliponing'inizwa kwa waya chini ya sufuria iliyogeuzwa ili kisidondokewe na maji.

"Ni hiki," alisema. "Tunakitumia sote."

Mbele ya kifaa alikaa mzee mwenye mguu uliofungwa bandeji, na kwenye skrini daktari kijana alikuwa akimwagiza augeuze mguu kwenye mwanga. Nyuma yake foleni ilisubiri kwa utulivu. Binti alishika daftari la hesabu, mama mmoja alikuwa na swali la bei ya kakao, na mwanamume mmoja alinyoa ndevu vizuri ili aonane na mkewe aliyebaki Malawi. Subilaga aliangalia kila mmoja, na kila mmoja alimfanya atake kujua zaidi, na hiyo haikumrahisishia kazi.

"Mliingiaje kwa bawabu?"

"Mume wangu alijaribu maneno ya siri siku nzima. Majina, miaka, yote. Mwisho akachoka, akasema tu hodi, vile mtu anavyosema akiwa amechoka mlangoni pa mtu. Mashine ikajibu karibu." Lwitiko alicheka kidogo. "Tuliogopa wiki nzima. Tukadhani ni mtego."

"Na siku hizi?"

"Kila mtu akitaka kuingia anapiga hodi. Hatuingii bila hodi, hata kama ni mashine."

"Na mkimaliza?"

"Tunazima."

"Hamuagi?"

Lwitiko alimtazama kama anayesubiri utani uishe. "Tumuage nani? Si mashine hiyo?"

Hapo ndipo Subilaga alipoona kosa lote lilivyokaa, na likamshangaza kwa udogo wake. Walikuwa wamekumbuka nusu ya adabu. Nyumba ya Mama Sekela ilikuwa imefurika watu waliokwishaondoka zamani, na bawabu, mtoto aliyelelewa vizuri, alikuwa amewashikia wote milango, akingoja waage.

Alikuwa anafungua kinywa kueleza simu ilipolia. Gwamaka alikuwa anapiga kelele.

"Ameanguka! Taa imekuwa nyekundu. Fundi, haamki, naita haamki!"

"Ujumbe umetoka?"

"Hautoki! Nimemwambia bawabu awafukuze, anasema amri hiyo hupokea kwa mama tu. Nimzime?"

"Usimzime, hataamka kwa wakati. Mlaze mama, inua miguu yake. Usikate simu."

Lwitiko alikuwa amesikia. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Ni nani huyo?"

"Mwenye nyumba mliyoingia. Moyo wake unapita milango ileile, na milango yote mmeishika ninyi. Hata mliomaliza. Anangoja muage."

Lwitiko hakuuliza swali la pili. Alisogea kwenye kifaa, akamgusa mzee bega, na kwa sauti iliyozidi mvua aliwaambia watu wa ghala, kwa Kinyakyusa kisha kwa Kiswahili, kwamba kila aliyewahi kupiga hodi pale aje aage, haraka. Kisha akainama mwenyewe.

"Sisi tunaondoka," alikiambia kile kifaa. "Asante. Kwaheri."

Kwenye kishikwambi cha Subilaga, milango kadhaa ilifunguka.

Mzee wa mguu aliaga huku daktari akiwa bado anazungumza. Binti wa hesabu aliaga. Watu walitoka nyuma ya mapazia wakiwa na unga mikononi, wakiwa na watoto migongoni, na kwa kuwa hawakuwa wamewahi kumuaga bawabu, walimuaga kama walivyojua kumuaga mtu. Mmoja alisema Mungu akubariki, mwingine akasema salimia nyumbani. Mama wa kakao aliomba radhi kwa usumbufu na angeendelea kama asingevutwa sketi. Milango ilifunguka kumi kumi, mia mia. Subilaga aliikodolea macho foleni, na mwisho wake akaiona pampu ikisogea, ikisogea, ikashika mlango. Ujumbe ukatoka kwenda Mbeya. 

Jibu lilirudi.

"Imekuwa njano," Gwamaka alisema kwenye simu. Alikuwa analia bila kuficha. "Imekuwa kijani. Amefumbua macho. Ananiuliza kwa nini nimelala chini."

Subilaga alikaa kwenye pipa lililokuwa karibu. Watu wote walikuwa wamesimama wakiitazama ile sufuria iliyogeuzwa, na hakuna aliyepiga hodi tena. Mwanamume aliyenyoa ndevu alirudi taratibu nyuma ya pazia lake.

"Mwambie hatukujua," Lwitiko alisema. "Mwambie hatutarudi." Hakuna aliyewaambia wasirudi.

*

"Wageni wote wameaga, mama," bawabu aliripoti Subilaga alipoingia.

Mama Sekela alikuwa ameegemezwa mito, bakuli la uji mkononi, kijani kikiwaka kwa utulivu chini ya blauzi. "Umewasindikiza?"

"Sijui kusindikiza."

"Ee. Na hilo lilinipita."

"Nitamfundisha," alisema Subilaga. Akakaa, akaanza kueleza huku akifanya. Mgeni akinyamaza kwa muda fulani, bawabu atamuuliza kama bado yupo. Asipojibu, atamsindikiza kwa heshima na mlango utabaki wazi. Pampu itakuwa na mlango wake wa kudumu, hata waje wageni wa nchi nzima. "Na kaka, ulisema siku ya tatu mgeni apewe jembe. Ulisema kweli. Kile kifaa chao kinaweza kufanya kazi ya bawabu chenyewe. Kipange watu wa ghala kwanza huko huko, humu kitumie mlango mmoja tu. Mzigo unabaki kwao."

"Unazungumza kana kwamba wanarudi," Gwamaka alisema.

"Nazungumza kana kwamba mnachagua."

Alifungua fomu ya ripoti, akaigeuza ili wote waione. Sheria ilijua watu wa aina mbili tu, wa nyumba na wa kivuli. Wa nyumba ni yule ambaye mwenye nyumba na mrithi wake wamemkubali kwa sauti zao mbele ya bawabu. Akishakubaliwa, hakuna cha kuripoti. Lakini lolote atakalolifanya kwa anwani ile, nyumba ndiyo imelifanya.

"Lolote?"

"Akitukana mtu, umetukana wewe. Akiiba, umeiba wewe."

"Siwajui hata majina!"

"Najua."

Gwamaka alikaa kwenye mkono wa kiti cha mama yake. "Mama, sina ubaya na watu wale. Nakuogopea wewe tu. Leo nimekuona umekufa."

"Na mimi nimekuona umelala sakafuni na koti lako zuri," Mama Sekela alisema, akampapasa magoti. "Mwanangu, mimi nilishasema karibu kabla sijawajua. Sauti yangu ipo humo. Sitakulazimisha yako. Nikifa, mlango huu ni wako, na wewe ndiye utakayeitika."

Palikuwa na njia ya tatu, na Subilaga aliiona vizuri mno. Kwa wakati ule hapakuwa na mgeni hata mmoja ndani. Swali la fomu liliuliza kama kuna mtu wa kivuli ndani wakati ripoti inatumwa. Akiandika hapana na kutuma sasa hivi, maneno yake yangekuwa sahihi, anwani ingebaki, mama angepona, na ghala lingebaki gizani bila mtu yeyote kulifungia mlango. Lilikuwa jibu safi. Alichukia usafi wake, lakini kidole chake kilikuwa tayari juu ya skrini.

"Kuna hodi," bawabu alisema.

Gwamaka aliinuka. "Kwenye mtandao?"

"Mlangoni. Mama, tangu fundi aguse mambo yangu sina uhakika. Niitikie?"

Mama Sekela alitazama uji wake.

Gwamaka alikwenda dirishani, Subilaga nyuma yake, kwa kuwa hakuna kiapo duniani ambacho kingemzuia kuchungulia. Kwenye mvua alisimama Lwitiko, mkungu wa ndizi kichwani. Kwapani alikuwa amebana kitu kilichofungwa kwa nailoni, na waya wake uliokatwa ulikuwa ukining'inia. Alikuja kumjulia hali mgonjwa, kama mtu yeyote angekuja. Na alikuwa amekileta kifaa ili akikabidhi.

"Hodi," alisema mara ya pili, si kwa sauti kubwa.

Wote mle ndani walijua kwamba hodi ni tatu. Zikipita tatu bila kuitikiwa, mgeni mwenye adabu hugeuka na kwenda zake, wala hakasiriki. Gwamaka alikiangalia kile kifaa kilichofungwa nailoni. Alimwangalia mama yake, ambaye hakuinua macho. Akafuta uso kwa mkono wa koti.

"Hodi," Lwitiko alisema.

"Karibu," Gwamaka alijibu. Sauti ilimtoka kavu, akarudia ili isikike vizuri. "Karibu ndani."

"Huyu ni wa nyumba?" aliuliza bawabu.

"Wa nyumba. Yeye na walioko kwake." Kisha akaongeza haraka, kama aliyekumbuka kwamba sasa ni kosa lake, "Lakini wawe wanaaga."

Subilaga alituma ripoti. Wa kivuli, hakuna.

Lwitiko aliingia akidondosha maji, akaweka ndizi chini, akaanza kusema maneno ya radhi aliyoonekana ameyapanga njia nzima. Mama Sekela alimkatiza kwa kuinua kijiko. "Kaa kwanza. Gwamaka, mpe mgeni chai."

Safari hii Gwamaka hakubisha. Alimimina kikombe, akampa kwa mikono miwili, akavuta kigoda, akakaa mbele yake. Subilaga alilijua jina la mgeni na lilimuwasha ulimini, lakini akanyamaza. Gwamaka alisubiri hadi Lwitiko alipokunywa chai yote na kuweka kikombe chini, ndipo akamuuliza anaitwa nani.